Ugomvi wa Mlima Fuji: kisa cha jarida la Hototogisu na wachoraji wake

Siku nyingi nilikua naamini kwamba kwenye jarida la fasihi lenye picha mambo yanaenda hivi: mshairi anaandika, mchoraji anaitwa mwishoni, anapewa nafasi zilizobaki ajaze, basi. Kama kachumbari pembeni ya pilau, tamu ndio, ila hakuna aliyekuja kula kachumbari. Kisa cha Hototogisu, jarida la Kijapani la mashairi mafupi yanayoitwa haiku, kimenivuruga kabisa hilo wazo na ndo maana nataka nikichambue taratibu, kwa sababu wengi wanaolitaja hili jarida wanalitaja kwa ajili ya haiku na kwa ajili ya paka wa mwandishi wa riwaya Natsume Sōseki (tutamfikia huyo paka) halafu wachoraji wanapewa sentensi moja tu, michoro ni ya fulani na fulani, wanapita. Mi naona wachoraji ndo walioleta kitu kipya pale, na wala hawakukileta kwa brashi. Walikileta kwa mdomo, kwa ubishi.

Mhusika mkuu ni Masaoka Shiki. Kazaliwa Matsuyama 1867, kisiwa cha Shikoku, kaja Tokyo kusoma, chuo kikuu kikamshinda kwa sababu alikua anashughulika na haiku kuliko mitihani, akaishia kuajiriwa na gazeti la Nippon mwaka 1892. Shiki sio jina la kuzaliwa, ni la kujipa. Mwaka 1889 alitema damu, akajua ni kifua kikuu, na Wajapani wana ndege wao jamii ya kekeo anaitwa hototogisu ambaye inasemwa huimba mpaka koo linatoka damu, basi jamaa akachukua jina la huyo ndege, Shiki ni namna nyingine tu ya kusoma herufi zake. Na jarida nalo likaja kuitwa hivohivo. Yaani jarida lina jina la mgonjwa wake, na mgonjwa ana jina la ugonjwa wake, sijui kama kuna jarida lingine duniani lilianza hivi.

Toleo la kwanza lilitoka Matsuyama Januari 1897, aliyelianzisha ni Yanagihara Kyokudō, rafiki wa Shiki wa huko nyumbani. Akalibeba mpaka toleo la 20, mzigo ukamwelemea, na Oktoba 1898 jarida likahamia Tokyo mikononi mwa Takahama Kyoshi, kijana mwingine wa Matsuyama, huyu ana akili ya haiku na akili ya biashara pia, vitu ambavyo huwa havikai kichwa kimoja. Shiki mwenyewe wakati huo hatembei tena. Kifua kikuu kilishaingia kwenye uti wa mgongo, amelala nyumbani kwake Negishi, mtaa wa Tokyo, na mama yake na dada yake Ritsu, hela inayoingia ni yen 40 kwa mwezi kutoka gazetini na baadaye yen 10 kutoka Hototogisu, hizo hesabu kaziandika mwenyewe kwenye daftari lake la kitandani.

Ila kisa chenyewe kilianza kabla jarida halijazaliwa.

Kwenye maandishi yake ya Machi 1900 ndani ya Hototogisu, yenye kichwa kifupi tu, "Picha", Shiki anasimulia alivyokua zamani mkereketwa wa uchoraji wa Kijapani, ule wa wino na hariri, na uchoraji wa Kizungu alikua hautaki hata kuusikia. Sasa akakutana na Shimomura Izan, mtu wa kwao Matsuyama, mchoraji aliyesomea namna ya Kizungu na haiku pia anaandika. Wakabishana. Izan hakuhangaika na falsafa, akamwambia mawimbi ya kwenye picha zetu, yale ya kujiviringa duaraduara, sio mawimbi ya bahari yoyote. Halafu akachora uso wa mtu kwa upande namna ya Kijapani na pembeni yake uso wa upande namna ya Kizungu, akamwonesha kwamba kwenye ule wa Kijapani sura imegeuka ila jicho limebaki kama la mtu anayekutazama mbele kwa mbele. Shiki anakiri alishtuka sana. Maisha yake yote kaziangalia hizo picha, kazipenda, kazitetea, na hakuwahi kuliona lile jicho! Ila si unajua mtu mbishi, akajituliza kwa hoja kwamba kufanana na kitu halisi sio kipimo cha uzuri wa picha. Hoja yenyewe sio mbaya kwa kweli. Ila alikua anaitumia kujifichia.

Halafu mwaka 1894 akapewa kazi ya kuhariri gazeti dogo, Shō Nippon, mdogo wake Nippon, lilianza Februari na kufikia Julai limeshakufa. Gazeti la kusomwa nyumbani, kwa hiyo lilihitaji michoro, na mchoraji hakuna. Asai Chū, mchoraji mkubwa wa namna ya Kizungu, akawatafutia kijana, Nakamura Fusetsu. Masikini wa kutupwa, nguo zimechakaa, masikio yake mazito ukiongea naye lazima upaze sauti, na jina alilojipa maana yake ni kama "asiyevunjika". Shiki na Fusetsu wakawa wanaonana karibu kila siku ofisini, na kila wakionana ni ubishi.

Huu ubishi ndo moyo wa kisa, ngoja nikae hapa kidogo. Shiki anasema Mlima Fuji ni mlima mzuri, Fusetsu anasema umechuja. Shiki anasema msonobari ni mti mzuri, Fusetsu anasema mti uliochuja. Basi Daruma, yule mtawa wa Zen mwenye macho makubwa anayechorwa kila mahali, si ana hadhi yake? Amechuja. Mavazi ya vita ya Kijapani je, si ya kisanaa? Ya Wazungu ni ya kisanaa zaidi. Kila Shiki anachokishika mwenzake anakipangusa. Ukisoma unaweza ukadhani huyu Fusetsu ni wale watu walioenda shule za Kizungu wakarudi wanadharau kila cha kwao, na nadhani mwanzoni Shiki alimwona hivohivo. Ila sio. Alikua hasemi Japani ni mbaya, alikua anasema vitu ambavyo kila mtu ameshakubaliana kwamba ni vizuri havionekani tena, mchoraji anachora sifa zake badala ya kukichora kitu.

Na namna Shiki alivyokuja kuelewa ndo inanifurahisha kuliko yote. Hakuelewa kwa kutazama picha. Alielewa siku alipolinganisha na haiku. Akajiuliza, mimi nikiingiza Mlima Fuji kwenye haiku nini kinatokea? Haiku inachuja. Haiku za msonobari? Nyingi zimechuja pia, tofauti na za miti ya kipupwe iliyopukutika majani, huko ndo kuna nzuri. Daruma ukimtia kwenye haiku unapata kitu cha kujishaua kisichovumilika. Kumbe! Alikua anaijua hoja ya Fusetsu siku zote, ila anaijua kwa mizani tano, saba, tano, hajawahi kuivusha ng'ambo ikafika kwenye picha. Tangu siku hiyo wakawa wanaongea lugha moja.

Kwa hiyo mtu akiniambia wachoraji walimfundisha Shiki kuchora kwa maneno, nasema sawa ila haijakamilika. Walichofanya ni kumlazimisha ajue anachokijua tayari. Ni kazi tofauti na bila ya mtu mbishi wa fani nyingine huwa haifanyiki, mshairi mwenzako hawezi kukufanyia kwa sababu naye anaupenda Mlima Fuji kama wewe.

Neno waliloshika ni shasei, kwa Kiswahili chepesi tuseme kuchora kitu kilichopo mbele yako kama kilivyo. Neno lenyewe wachoraji wa Japani walikua nalo zamani, ila maana hii mpya imepita njia ndefu kidogo: mwaka 1876 serikali ya Japani ilimleta Tokyo mchoraji wa Kiitaliano, Antonio Fontanesi, afundishe kwenye shule mpya ya sanaa, akakaa miaka miwili tu afya ikamrudisha kwao mwaka 1878. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwepo Asai Chū. Asai akawa mwalimu wa Fusetsu. Fusetsu akambishia Shiki. Yaani Mwitaliano mmoja aliyekaa miaka miwili tu mkono wake umefika mpaka kwenye haiku, na sidhani kama Fontanesi aliwahi kujua haiku ni nini.

Ila tusimpe Mwitaliano kila kitu. Shiki wakati huohuo alikua anamfufua Yosa Buson, mshairi wa karne ya 18 aliyekua mchoraji kwa kazi, alizaliwa 1716 akafa 1784, na mpaka kipindi cha Shiki watu walimkumbuka zaidi kwa picha, kwenye haiku kila mtu ni Bashō, Bashō, yule bingwa wa karne ya 17. Mwaka 1897 Shiki kaandika mfululizo mrefu gazetini wa kumtetea Buson mshairi, na mwaka 1899 Hototogisu wakautoa kama kitabu. Haiwezi kuwa bahati nasibu. Mtu aliyetoka kubishana na wachoraji anarudi kwenye historia ya fani yake anakuta palikuwepo mtu mmoja aliyekua vyote viwili, lazima amng'ang'anie.

Sasa tuje kwenye jarida. Lilipohamia Tokyo, wachoraji hawakua wageni wa kualikwa, walikua majirani. Asai anakaa Kami-Negishi, Fusetsu yuko mitaa hiyohiyo, Ueno na shule ya sanaa ni pua na mdomo. Majalada na ile michoro midogo ya kukaa katikati ya maandishi ilitoka kwao, kwa Fusetsu, kwa Izan, kwa Asai. Kwenye toleo hilo la kwanza la Tokyo Shiki aliandika kuhusu bustani yake ndogo, kila mche na mahali ulipo, na Fusetsu akaichora hiyohiyo bustani. Ukifikiria vizuri hapo mchoro sio pambo la maandishi. Ni watu wawili wamekaa mbele ya kitu kimoja, kila mmoja kakitoa kwa chombo chake, na msomaji anaweza kuwapima. Sijui mhariri gani wa leo angekubali, maana mmoja wao lazima aonekane kachemka.

Halafu kuna ile milango. Desemba 1899 Kyoshi alimwekea Shiki milango ya kioo upande wa bustani. Kabla ya hapo ni milango ya karatasi, ukiifungua unapigwa na baridi ya kipupwe na mgonjwa wa mapafu hapigwi na baridi, ukiifunga unaona karatasi. Kioo kikabadilisha kila kitu. Mtu hawezi kugeuka bila maumivu, dunia yake nzima ni mstatili mmoja wa bustani mbele ya kitanda, ina fremu kabisa. Watu wanasema ugonjwa ulimfanya mshairi wa kutazama, sawa, ila mi naona na fundi wa kioo apewe haki yake.

Kwenye hiyo bustani mwaka 1900 ndo ilitoka haiku inayobishaniwa mpaka kesho, ile ya maua mekundu yanayofanana na shungi la jogoo. Nikiitoa bila kujali mizani inasema hivi tu: mashungi ya jogoo, kumi na nne au kumi na tano, lazima yapo. Imeisha. Hakuna umande wala machozi. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Kyoshi na Kawahigashi Hekigotō, mwaka 1909 walipochagua haiku za marehemu mwalimu wao hii waliiacha nje, hawakuona kitu. Waliokuja kuipigania ni watu wa tanka, aina nyingine ya shairi fupi la Kijapani, Nagatsuka Takashi na baadaye Saitō Mokichi. Mi maoni yangu ni kwamba ukiisoma kama mshairi utaiona tupu, isome kama mchoraji. Mtu wa mimea angehesabu akasema kumi na nne. Mtu wa hisia angesema mengi. Mchoraji anaona fungu, anaona wekundu umejaa kiasi hiki, na mkono wake unakisia, kumi na nne, kumi na tano, kabla haujagusa karatasi. Hiyo "au" ndo penseli inatembea. Na ile "lazima yapo" ni ya mtu aliyelala ambaye hawezi kuinuka akahakikishe. Ninaweza kuwa nimekosea hapa, haiku haina mwenyewe, ila jaribu kuisoma hivo uone.

Shiki mwenyewe akaishia kushika brashi. Fusetsu alimpa rangi za maji alizowahi kuzitumia, na vuli ya 1899 akachora begonia iliyokua kwenye chombo. Hajawahi kutumia rangi maishani. Majani yalimtesa, hajui achanganye nini, akabambanya rangi ilivyokuja. Akawaonesha Asai na Fusetsu (Shiki anamtaja Asai kwa jina lake la kisanii, Mokugo, kitu kama "maneno ya kimya") na wakamsifia sana, hasa ile rangi ya majani makubwa, wakasema inavutia. Yaani pale alipokwama ndo wakapasifia. Anasema furaha ilimshinda kuibeba. Halafu anatulia, anajiambia kwamba mtu asiyejua kabisa kuchora akichora begonia mara ya kwanza na watu wakaitambua ni begonia, hiyo ni shasei imemsaidia, sio kipaji. Na kwenye maandishi hayohayo anatamka kitu ambacho kama ningekua mwanachama wa Hototogisu kingenitoa jasho: kama ningejua kuchora, haiku ningeachana nayo.

Kiongozi wa haiku! Kwenye jarida la haiku!

Wengine wanaichukua kama utani. Mi siichukui hivo. Nadhani kwenye ule ubishi wa 1894 kuna upande ulishinda kweli, na aliyeshindwa alikua muungwana wa kutosha kulichapisha.

Juni 1900 alimchorea rafiki yake Natsume Sōseki ua moja la jamii ya asta kwenye chupa ya kioo, akamtumia Kumamoto alikokua anafundisha, na maelezo pembeni kwamba alione ua kama linaloanza kunyauka, na kama limechorwa vibaya alaumu ugonjwa, na kama anadhani ni uongo ajaribu na yeye kuchora huku ameegemea kiwiko. Sōseki alikuja kuandika kuhusu hiyo picha mwaka 1911, ndo picha pekee ya Shiki aliyokua nayo. Kaihesabu kama mhasibu: ua moja, vichipukizi viwili, majani tisa, rangi tatu jumla. Akasema Shiki katika utu na katika uandishi hakua na chembe ya kukosa ustadi, mjanja wa kila kitu, na hapa tu kwenye picha ndo anamkuta mzembe wa mkono lakini wa kweli kabisa. Ni sifa ya ajabu, na ya mapenzi. Inatwambia pia kitu kuhusu ushirikiano huu: mshairi alienda kwa wachoraji akapata mahali pa kuwa mwanafunzi mbaya, wakati kwenye haiku nchi nzima inamwita mwalimu.

Sasa nipite haraka kwenye upande wa nathari maana ni habari ndefu peke yake. Shiki na wenzake walianza mikutano ya kusomeana maandishi ya kutazama, shasei ile ile ila kwa nathari, walikua wanaiita mkutano wa mlima kwa sababu Shiki alisema kila andiko liwe na mlima wake, yaani kilele. Wanasikiliza, wanakosoa, yakipita yanaingia jaridani. Bila hicho kikao yule paka asingezaliwa.

Ila kabla ya paka wachoraji waliondoka. Asai alienda Ufaransa mwaka 1900, wakamuaga nyumbani kwa Shiki, na Shiki akamwandikia haiku kwamba mwalimu hayupo, Kami-Negishi imekua baridi. Fusetsu akafuata katikati ya 1901. Shiki alimwandika mfululizo gazetini kabla hajaondoka, tangu siku ya kwanza alivyomwona na nguo zake zilizochakaa, ukisoma unajua huyu mtu anaaga kwa sababu anajua hatakuwepo mwenzake akirudi. Na hakuwepo kweli. Fusetsu alimwachia daftari tupu la kuchorea. Majira ya joto ya 1902 Shiki akalijaza maua, na kabla ya hapo alishajaza daftari jingine la matunda. Dawa ya maumivu ilikua mofini, na kwenye safu yake ya gazetini Agosti ile anasema furaha yake kubwa siku hizi ni kumeza mofini halafu kuchora, na kwamba akiweka tawi la maua pembeni ya mto na kulichora kwa uaminifu anahisi pole pole siri ya uumbaji inamfungukia. Mgongo umetoboka majipu wakati anaandika hayo. Mwezi huohuo kawachezea wasomaji, kawasimulia kwa siku kadhaa kwamba kapenda binti aliyeletwa nyumbani kwake, anamtaka awe wake, kumbe binti ni gombo la maua lililochorwa na Watanabe Nangaku zamani. Alikua anakufa na bado anafanya mzaha, na mzaha wenyewe ni wa kupenda picha!

Katika yote haya kuna mtu hatajwi kwenye jalada, Ritsu. Ndo aliyekua anabadilisha bandeji kila siku, anapika, anashika daftari wima ili kaka achore, na kaka anamlalamikia kwenye shajara kwamba hana hisia. Kila tukisema ushirikiano wa washairi na wachoraji tukumbuke karatasi haikujishika yenyewe. Baada ya msiba alienda shule mtu mzima na akawa mwalimu wa ushonaji.

Shiki alifariki 19 Septemba 1902, miaka 34. Haiku tatu za mwisho, alizoandika siku moja kabla, zote zina dodoki, mmea waliooteshea mbele ya dirisha maana maji ya shina lake ni dawa ya kikohozi.

Hapo jarida lingeweza kufa. Halikufa kwa sababu Kyoshi alimkuta Sōseki amerudi kutoka London amechanganyikiwa na akamsukuma aandike kitu cha kusomwa kwenye ule mkutano wa mlima. Ikatoka hadithi ya paka asiye na jina anayewatazama binadamu wa nyumba moja, Januari 1905 ikaingia Hototogisu, ikaendelea mpaka Agosti 1906 na mauzo yakapanda vizuri sana. Wachoraji nao wakaingia upya. Sōseki akamleta Hashiguchi Goyō, kijana wa Kagoshima, kaka yake alikua mwanafunzi wa Sōseki kule Kumamoto, akachora kwa ajili ya jarida. Kitabu kilipotoka Oktoba 1905 mapambo ya jalada ni ya Goyō na michoro ya ndani ni ya Fusetsu, aliyerudi Japani mwaka huohuo, na nakala zilivyokwisha haraka Sōseki akamwandikia barua kumshukuru, akasema picha zimesaidia. Juzuu la pili na la tatu michoro ni ya Asai.

Nisifiche ubaya wake. Ule ubishi wa Negishi ulipogeuka somo, ukapoteza meno. Kyoshi aliishi mpaka 1959 na jarida likawa kama dola, na shasei ikawa sheria: tazama, usijitie, andika maua na ndege. Vijana waliotaka kuandika habari za kiwanda au vita waliona mlango umefungwa. Sasa hapo nauliza, maua na ndege yakishakua ndo kitu pekee kinachoruhusiwa, si yamekua Mlima Fuji? Si yamechuja? Fusetsu mwenye masikio mazito angewaambia hivo asubuhi ya kwanza. Ila Fusetsu hakua tena anakaa hapo ofisini kubishana, na nikiangalia alikoelekea naona alisogea zaidi kwa Hekigotō, yule mwanafunzi mwingine aliyekuja kuzivunja hata hizo mizani, wakawa wanahangaika pamoja na maandishi ya kale ya Kichina ya kwenye mawe. Kwa hiyo tathmini yangu ni hii: michoro iliendelea kuwepo jaridani miaka na miaka, mizuri tu, ila ushirikiano wenyewe ulidumu muda mfupi, tuseme 1894 mpaka 1901, muda ambao mchoraji alikua na ruhusa ya kumwambia mshairi mkubwa kwamba mlima wake umechuja.

Kuna ukurasa mmoja tu naufahamu ambapo wote wanakutana tena. Novemba 1901 Shiki alimwandikia Sōseki London, barua inaanza kwa kusema mimi nimeshaisha, anamwomba atume barua nyingine kama zile za mwanzo za London zilizochapishwa Hototogisu, anataka kusoma angali macho yamefunguka. Katikati ya kilio hicho anaingiza habari za Fusetsu, kwamba yuko Paris anasoma kwa mchoraji Mfaransa Collin, na aliahidi akikutana na Sōseki atampa jodari mkavu mmoja aliyebeba kutoka nyumbani, ila kwa muda uliopita atakua ameshamla. Sōseki hakutuma barua ile. Hilo lilimkaa rohoni, na mwaka 1906 alipoandika dibaji ya juzuu la pili la paka akaiweka barua nzima ya marehemu humo ndani, na jodari wake, kwenye kitabu ambacho michoro yake ni ya Asai.